Kitonga ya Sebuleni

Mtaani kwetu watu walimjua kwa mlio wa buti zake kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa akitembea uani kwake tangu asubuhi, kutoka getini mpaka kwenye tanki la maji, kutoka kwenye tanki mpaka getini, na sisi majirani tulishazoea kama wanavyozoea wanaokaa karibu na mashine ya kusaga. Akinyamaza ndipo tuliulizana kulikoni. Tulimwita Dereva. Jina alikuwa nalo, na mkewe alilitumia mara mojamoja alipokasirika, lakini hata kwenye kadi za michango ya harusi tuliandika Dereva na Mama, na kadi ilifika bila kupotea.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Mwanjelwa, hapa Mbeya, na nyumba yangu imetenganishwa na yake kwa ua wa michongoma tu. Yeye aliniita Fundi tangu siku ya kwanza. Wateja wengine husema "yule fundi mwanamke", kama vile kuna hatari ya kunisahau jinsia. Dereva hakuwahi kuliongeza hilo neno, na kwa hilo tu nilimpenda. Kwa mengine alinichosha, nami nitayasema yote mawili.

Aliendesha malori barabara kuu ya kwenda Dar kwa miaka ambayo alikataa kuihesabu. "Dereva hahesabu miaka, anahesabu injini," alisema, na injini alizozimaliza alizitaja kama mtu anavyotaja marehemu wa ukoo, kwa heshima na kwa kasoro zao. Barabara ile ilikuwa rula yake ya kupimia dunia. Ukimuuliza harusi ilikuwaje, atakwambia ilianza vizuri, kufika Makambako ikachemsha. Mahubiri marefu aliyapima vilevile. Kuna Jumapili alitoka kanisani akaniambia mchungaji alipaki Igawa akalala, na waumini wote tukalala naye garini.

Kila gari lililosimama mbele yake lilipigwa teke la tairi. Bajaji za wateja wangu, pikapu ya maziwa, gari la harusi lenye maua. Siku ya msiba wa mzee mmoja wa mtaani alilizunguka gari lililobeba jeneza, akipiga tairi moja baada ya jingine, na alipofika la nyuma kushoto akasema halina upepo, marehemu asubiri. Ndugu wa marehemu walinuna. Lakini upepo walijaza, na safari ya makaburini ikachelewa kwa sababu hiyo, na hakuna aliyemlaumu kwa sauti.

Alikuwa Mhehe, na salamu yake ilikuwa "Kamwene" kwa kila mtu, hata kwa mkewe aliye Mnyakyusa, ambaye alimjibu kwa "Ugonile" bila kumtazama. Kihehe alikipigia kelele kwenye simu, Kinyakyusa mkewe alikiimbia jikoni, na Kiswahili kilibaki kuwa uwanja wao wa kugombania. Waligombana vizuri. Nilikuwa nikisikiliza kupitia kwenye michongoma huku nikianika nguo, na mara nyingine nilianika nguo zilizokwisha kukauka.

Sijawahi kuona mtu mwenye subira ya namna mbili kama yule. Barabarani, wenzake wanasema, hakuwahi kulipita gari lingine mlimani. Angeweza kukaa nyuma ya trekta kutoka Igurusi mpaka Chimala bila kupiga honi. Akishuka kwenye gari, subira ilibaki kwenye kiti. Maharage hayakuwahi kuiva nyumbani kwake, maana alifunua sufuria kila baada ya muda mfupi mpaka moto wenyewe ulikata tamaa. Chai aliinywa akiwa wima. Kwenye foleni ya benki alisimama pembeni ya foleni, akitembea, na watu wakamshikia nafasi kwa kuogopa atawatia kizunguzungu. Na kupanda gari linaloendeshwa na mtu mwingine hakuweza kabisa. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo njia nzima mpaka dereva mwenyewe akakasirika. Kanisani alikwenda kwa miguu, mvua au jua, na mkewe akapita ndani ya bajaji akimpungia mkono.

Kisha ikaja sukari.

Sukari haikumjia kwa kishindo. Ilimjia kwa kiu, kwa kukonda, na halafu kwenye miguu. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa uani kwao, jiko la mkaa katikati yetu, yeye akiwa amesimama mguu mmoja ameuegesha ukingoni mwa jiko. Alikuwa akinisimulia habari za mizani na askari wake. Mkewe, Mama kwetu sote, akatoka ndani, akanusa. "Baba, kiatu chako kinaungua." Akaangalia chini. Soli ya buti ilikuwa imeanza kutoa moshi. Akauondoa mguu taratibu, akacheka, akasema buti za siku hizi zina soli nene, mtu hajui kama ni moto au baridi. Mama hakucheka, na mimi nilijifanya nacheka.

Daktari alimwambia asiendeshe tena. Mguu hausikii, alimwambia, na mguu usiosikia hauwezi kujua umekanyaga nini. Dereva aliporudi alinisimulia habari hiyo kama mtu aliyetukanwa. "Daktari anajua damu," alisema. "Gari halijui." Tajiri wake wa zamani alikuwa Iringa, mwenye malori kadhaa, na alikuwa amempigia simu ya pole. Mwisho wa simu akamwambia neno lile ambalo matajiri husema ili wakate simu kwa wema: "Ukipona, gari lipo." Dereva alilichukua neno hilo kama mkataba. Tangu siku ile buti ziliongeza mwendo uani, na kila asubuhi alimtangazia mkewe kwamba leo mguu uko vizuri.

Mama akanijia kibandani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka kikapu chake cha ndizi mapajani, akangoja mteja aliyekuwepo aondoke.

"Fundi, mwanangu. Kuna gemu la malori, nimeliona kwa vijana pale stendi. Mtu anakaa, anashika usukani, anaendesha, na hatoki nyumbani."

"Lipo, Mama."

"Mtengenezee huyu baba. Akikaa atapona. Asipokaa atakwenda Iringa kwa yule tajiri, atapewa gari, atashuka nalo mlima wa Kitonga na mguu wake huo." Akakisogeza kikapu mapajani. "Ataua watu, Fundi. Basi zima. Halafu na yeye."

Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo yao. Mtu hawezi kukataa ombi la namna hiyo na bado akaanika nguo kwa amani upande wa pili wa michongoma.

Kompyuta niliyomtengenezea ilikuwa ya kuungaunga. Kasha lilitoka kwenye ofisi iliyobadilisha mashine zake, na kadi ya picha, ile inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye gemu, ilikuwa imekwisha kutumika kwa mtu mwingine na ilipiga kelele ikizunguka. Usukani na pedali zake tatu vilikuwa vya kijana aliyehama mji. Kiti alikitafuta mwenyewe: alikwenda gereji, akarudi na kiti halisi cha lori, kimepasuka pembeni, akakipigilia kwenye ubao katikati ya sebule, mahali ambapo Mama alikuwa ameweka meza yake ya kioo. Meza ikahamia chumbani. Skrini ya pili niliiweka pembeni kwa ajili ya ramani, na pia kwa ajili ya video za kwaya ambazo Mama alidai ziwe zinaimba wakati mumewe anasafiri, ili safari iwe na ulinzi.

Kulikuwa na vijana wametengeneza ramani ya barabara yetu na kuiweka mtandaoni ili anayetaka aipakue. Siku niliyoiweka, Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu akihema. Skrini ikawaka: lami, vilima, Kitonga na kona zake zote, na chini kule Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu na nyanya wamesimama kando ya barabara na mabeseni yao. Dereva akanyoosha kidole, akasema vijana wamekosea daraja, daraja liko mbele zaidi. Akapangusa macho kwa mkono wa shati. Nikajifanya natafuta waya chini ya meza, maana na mimi nilikuwa karibu kulia.

Mama alidhani mambo yamekwisha. Kumbe kwa Dereva ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Wiki haikuisha akamwita mkewe sebuleni, akaniita na mimi niwe shahidi, akatangaza: "Nikishuka Kitonga humu ndani, kutoka juu mpaka Mbuyuni, bila kugonga, maana yake mguu ni mzima. Naenda Iringa kuchukua gari. Nikigonga, nakaa."

"Humu ndani?" Mama aliuliza.

"Humu humu."

Mama akaitazama skrini, akaitazama na miguu ya mumewe. "Haya," akasema. Naamini alidhani kwamba hataweza kamwe.

Nilipata kumwona akisafiri mara nyingi. Alivaa kofia yake ya sufu. Alipofika juu ya Kitonga alisimamisha lori kama wafanyavyo madereva wote wenye akili, akashuka kitini, akaizunguka sebule akipiga teke miguu ya makochi, moja baada ya jingine, na kabati la vyombo likatetemeka. Mtu huyu aliyeniambia miaka yote kwamba gari halishuki kwa sala, linashuka kwa gia, hapo juu alivua kofia na kusimama kidogo, kwa sababu wenzake kadhaa wamebaki kwenye yale makorongo. Kisha akapanda, akatia gia nzito. "Mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia," alisema kila safari, akimwambia nani sijui.

Na kila safari aligonga. Mahali penyewe pia palikuwa pale pale: unatoka kwenye kona, unakuta lori bovu limesimama katikati ya njia. Dereva aliliona mapema. Alikuwa na macho ya mwewe. Alisema "huyo hapo" kabla mimi sijaona kitu. Akakanyaga breki, na lori lake likaendelea kwenda, likaendelea kwenda, mpaka likaingia kwenye tela la yule mwenzake kwa mlio wa mabati.

"Inastaki," alisema. "Nimekanyaga, kompyuta imechelewa."

Na tabu yenyewe ni kwamba alikuwa na nusu ya haki. Nilikaa nikaichunguza. Kule milimani, penye miti mingi na malori mengi, kadi ilizidiwa, picha ikawa inakwamakwama kama mtu mwenye kigugumizi. Nikamwambia ukweli huo, nikadhani nimemsaidia. Nilikuwa nimempa sababu ya kutolala.

"Fundi," aliniambia kesho yake, amesimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai, "gari la difu moja, lenye mhimili mmoja tu wa kusukuma tairi, likipelekwa Kitonga na mzigo, linafanyaje?"

"Mimi nitajuaje?"

"Linazungusha tairi, linanuka, linasimama. Utamlaumu dereva? Unaweka difu mbili. Hiyo kompyuta iongeze kadi ya pili."

"Kompyuta si lori, Dereva."

"Inachemka?"

"Inachemka."

"Ina feni mbele?"

"Inayo."

"Ukiipa mzigo mkubwa inaunguruma?"

"Inaunguruma."

"Basi ni lori."

Nilimweleza kwa utaratibu. Zamani kulikuwa na gemu zilizojua kugawa kazi kwa kadi mbili, lakini hili halijui. Litatumia moja tu, ya pili itakaa kama abiria. Akanisikiliza kichwa ameinamisha, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda zake. Baada ya siku chache basi la Iringa lilileta kifurushi kimefungwa ndani ya sweta. Ilikuwa kadi, tena ya aina ile ile hasa, maana difu, alisema, haziwekwi za koo mbili tofauti. Aliipata wapi hakuniambia, na sweta lilikuwa la dada yake.

Kuiweka kulikuwa vita. Kasha lile la ofisi halikutengenezwa kwa ajili ya tamaa. Kadi mbili zilibanana mpaka feni ya moja ikawa inavuta joto la nyingine. Nikang'oa kizimba cha ndani, nikahamisha vitu. Dereva akaleta drili yake akatoboa matundu ubavuni mwa kasha, mengi, mpaka nikamzuia. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alishika tochi akaimulika dari. Alikwenda jikoni, alirudi, aliuliza kama tayari. Tulipowasha, mashine ikazima papo hapo. Tukawasha tena, ikazima. Umeme wa kule ndani ulikuwa hautoshi kulisha kadi mbili. Nikaenda kibandani, nikarudi na pawa saplai kubwa, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, niliyokuwa nimeitunzia mteja mwingine, na hapo mashine ikawaka na haikuzima.

Kazi niligawanya mimi, kwa kuwa gemu lenyewe halikujua kugawa. Kadi ya kwanza nikaiachia lori peke yake. Ya pili nikaipa skrini ya pembeni, ramani na kwaya ya Mama. Picha ikawa laini kama maziwa. Hata kule kwenye kona mbaya haikukwama hata kidogo. Ukweli ni kwamba dawa kubwa ilikuwa ile pawa saplai, kwa sababu ya zamani ilikuwa imeinyima mashine nguvu tangu mwanzo. Lakini Dereva alishaanza kuwaita majirani. "Difu mbili," aliwaambia, akiwaonyesha matundu. Walikuja wakala ndizi, wakalitazama kasha, wakasema kweli ni difu mbili.

Mama alikuwa akipakua. Alinipa sahani yangu akaishikilia kabla ya kuiachia. "Umeitengeneza vizuri, Fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa ataenda."

Ndizi sikuzila. Niliogopa, na niliogopa hasa kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Fundi akiwasha kitu kilichokataa kuwaka hufurahi kwanza, akili huja baadaye.

Jumamosi mchana akajaribu. Tulikuwa watatu tu, mimi, yeye, na Mama aliyekuwa akiingia na kutoka na mboga yake. Alifika juu, akashuka, akapiga teke makochi, akavua kofia, akavaa. Akashuka mlima, na sijawahi kuona mtu akifanya kitu kwa uzuri vile. Kona baada ya kona, mkono mmoja kwenye gia, lori linaimba. Akatoka kwenye kona. "Huyo hapo," akasema, mapema kama kawaida yake. Akakanyaga. Lori likaenda, likaenda, likagonga.

Picha haikukwama. Tuliona sote.

"Bado inachelewa," alisema.

"Haichelewi, Dereva."

"Nimekanyaga."

"Ngoja nijaribu mimi." Nikakaa, nikarudisha safari mpaka juu ya ile kona, nikashuka, nikakanyaga breki, lori likasimama mbali na lile bovu. Akatikisa kichwa. "Wewe umeitengeneza, inakujua." Akatembea mpaka dirishani, akarudi. Kisha akaita, "Mama. Njoo."

"Nina mboga jikoni."

"Njoo ukae hapa."

Mama hajawahi kuendesha hata baiskeli. Alivua ndala, akapanda kile kiti cha lori akiwa ameshika khanga yake, miguu mitupu, akauliza ashike wapi. Dereva akamwekea mikono kwenye usukani. Akamwonyesha pedali ya katikati. "Ukiona gari limesimama, kanyaga hii." Akamwanzishia safari karibu na kona, kwa mwendo mdogo. Lori likatoka kwenye kona likiyumba. Mama akasema "mwe", akakanyaga. Lori likainama pua, likasimama. Kati yake na lile bovu ungeweza kupitisha mkokoteni.

"Limesimama," Mama alisema, kama anaomba radhi.

"Rudia."

Akarudia. Likasimama tena. Akamwambia arudie mara nyingine, na safari hiyo nilimwona Dereva haangalii skrini. Alikuwa ameinama anatazama mguu wa mkewe, ule unyayo mtupu, vidole vikikunjamana juu ya pedali vikitafuta mahali pa kushika. Akautazama mpaka lori liliposimama. Kisha akaangalia buti yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mama alishuka kwenye kiti akaenda kwenye mboga, na nilimsikia huko jikoni akilia na kumshukuru Mungu kwa wakati mmoja, "ndaga, ndaga," kwa lugha yake. Mimi nilikaa na yule mtu. Alizima kompyuta kwa utaratibu wote niliomfundisha, yeye ambaye siku zote huchomoa waya ukutani, akatoka nje. Buti zikaanza: getini, kwenye tanki, getini.

Baadaye kilipatikana kidonda kwenye ule ule mguu wa kulia, kati ya vidole, ambacho hakuna ajuaye kilianza lini. Akaenda kutibiwa kwao Iringa, akafikia kwa dada yake, na Mama akawa mtu wa kupanda basi kila mara na vikapu vyake. Kompyuta akaifunika kitambaa cha kufuma. Mtaani kukawa kimya mpaka tukaona vibaya. Habari tulizipata kwa vipande: amelazwa hospitali ya Tosamaganga, amekatwa vidole viwili, ametoka, anatembea. Hiyo ya kutembea haikutushangaza.

Mimi nilikwenda Iringa kwa kazi, kuangalia kompyuta za ofisi moja zilizokuwa zinauzwa kama chakavu. Nilishuka Ipogolo, pale malori yanapopumzika chini ya mji. Nilikuwa natafuta bajaji nikasikia sauti yake ikigomba. Kando ya banda la mama ntilie palikuwa na benchi, na juu yake dereva mmoja mnene amevua kiatu na soksi, amefumba macho, uso ameuelekeza juu. Mbele yake, kwenye ndoo iliyofudikizwa, alikuwa amekaa Dereva na njiti ya ufagio mkononi.

"Kidole gani?"

"Kikubwa."

"Sasa?"

"Kidogo. Unanitekenya bwana."

"Vaa. Nenda. Mwezi ujao urudi."

Nesi mmoja alimpima hivyo hospitalini, aliniambia baadaye, na tangu atoke hajatulia. Kila lori linalopaki pale, dereva wake anavua kiatu. Wanamcheka, wanamwita daktari wa vidole, wanamtukania mama yake kwa utani, lakini wanavua. Wawili aliwakuta miguu yao haisikii kitu, akawapigia kelele mpaka wakaenda hospitali.

"Kamwene, Fundi," alisema aliponiona, akainuka kwa fimbo. Alikuwa amekonda. Buti hakuwa nazo tena, alivaa makubazi ya ngozi, mguu wa kulia umezungushwa bendeji. Aliuliza habari za mtaa, za tairi la bajaji fulani, za Mama ambaye alikuwa ameondoka kwake juzi tu, na hakungoja jibu hata moja. Akanivuta benchini.

"Kuna pikapu," alisema. "Otomatiki. Haina klachi, Fundi. Huu wa kulia naukunja, naendesha kwa wa kushoto. Si lori, si mzigo wa ajabu. Vitunguu tu, kutoka Mbuyuni mpaka hapa."

"Kutoka Mbuyuni mpaka hapa ni Kitonga."

"Najua ni Kitonga. Mwenye pikapu amekubali. Kesho asubuhi."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia nikirudi."

"Na huo wa kushoto nani ameupima?"

"Ndiyo nakupa wewe." Akanipa ile njiti. "Hawa jamaa watanidanganya kwa kunihurumia. Wewe huna huruma."

Alivua kubazi, akavua soksi, akauweka mguu wa kushoto juu ya ile ndoo. Ulikuwa mguu mzuri, mzima, kucha amezikata vizuri. Akafumba macho, uso umeelekea barabarani ambako lori lilikuwa linapanda kwa gia nzito. Wale madereva waliokuwa wanacheka wakaacha. Nikagusa kidole gumba. Akakaa kimya, nikadhani anafikiri. Nikagusa cha pili, nikakandamiza. Nikarudi kwenye gumba nikakandamiza mpaka njiti ikapinda na ngozi ikabonyea.

"Gusa basi, Fundi," alisema kwa upole. "Usiogope."

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka sana, Mungu anajua, nimtajie kidole chochote, nimwache na asubuhi yake. Nikayaona mabasi yanayopanda yamejaa watu, nikamwona Mama na kikapu chake ndani ya mojawapo.

"Nimegusa, Dereva."

Hakufumbua macho. "Gusa tena."

Nikaitupa njiti. Nikaushika mguu wote kwa mikono yangu miwili, ulikuwa wa baridi, nikaubana kwa nguvu zangu.

"Sasa?" aliuliza.

"Nimeushika wote."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayesikiliza maelekezo ya njia. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa ile pikapu, akaunyoosha mbele yake, macho bado ameyafumba, akakaa ameunyoosha hivyo mpaka nilipoupokea.